Pampu ya kumwokoa aliyepaliwa: kabla kikundi chako cha Batsinda hakijatoa pesa

Huenda video hiyo imeshakufikia kwenye simu. Mtoto anakula, ghafla anashika koo na sauti haitoki. Mama anachukua kitu kinachofanana na pampu ya mpira ya kuzibulia choo, chenye barakoa ya plastiki mbele. Anakiweka usoni kwa mtoto, anasukuma, anavuta, na kipande cha chakula kinatoka. Chini ya video kuna bei, neno "punguzo", na mahali pa kubonyeza ili kuagiza.

Ndugu msomaji, hofu inayouzwa pale ni ya kweli. Mtu aliyezibwa kabisa njia ya hewa ana dakika nne hivi kabla ubongo haujaanza kuharibika. Batsinda ina vijia vya ngazi na vya udongo ambavyo gari haliingii, na nyumba nyingi mchana hubaki na watoto wadogo wakitunzwa na dada yao wa miaka kumi. Gari la wagonjwa la SAMU linaitwa bure kwa 912, lakini hata likitoka papo hapo, dakika nne ni chache. Atakayemwokoa mtoto huyo ni mtu ambaye tayari yuko ndani ya ua.

Kwa hiyo swali la kununua kifaa hiki ni swali la haki. Linaulizwa na mama mwenye mtoto mwenye ulemavu, na mwenye irerero anayelea watoto wa majirani. Linaulizwa pia na kijana mwenye duka dogo anayeona biashara: kikundi chetu kina akiba, kwa nini tusiagize hamsini tukauze? Makala hii inapiga hesabu zote mbili, ya mnunuzi na ya muuzaji.

Kifaa chenyewe kinafanyaje kazi

Vifaa hivi ni vya aina mbili kuu. Cha kwanza ni kile cha kusukuma na kuvuta. Kina barakoa inayofunika mdomo na pua, na juu yake kuna mfuko wa plastiki wenye mikunjo kama kinanda cha mkono. Ukisukuma chini, hewa inatoka pembeni kupitia vali ya njia moja, haiingii kooni. Ukivuta juu, inatokea nguvu ya kufyonza. Kampuni iliyokieneza zaidi ni LifeVac ya Marekani. Aina ya pili inafanana na bomba kubwa la sindano, na ina mrija mfupi unaoingia mdomoni juu ya ulimi. Jina linalojulikana zaidi hapo ni Dechoker.

Kazi yote inategemea mambo mawili: barakoa ikae usoni bila kuvuja, na vali ifunge sawasawa. Barakoa ikivuja, unavuta hewa ya chumbani tu. Vali ikiwa mbovu, unaposukuma unapeleka hewa ndani na unaweza kukizamisha zaidi kile kilichokwama. Ukiangalia picha kwenye simu, vali nzuri na vali mbovu zinaonekana sawa kabisa.

Jambo jingine matangazo hulipitia haraka. LifeVac yenyewe inasema kifaa chake hakifai kwa mtoto mwenye uzito chini ya kilo 10. Uzito huo watoto wetu wengi hawaufikii hadi watimize mwaka mmoja au zaidi. Kwa maana hiyo mtoto mchanga, anayetutia hofu kuliko wote, yuko nje ya maelekezo ya kifaa. Kadi yake ya kliniki ina uzito wake. Isome kabla ya kusoma tangazo.

Wataalamu wamesema nini

Mwaka 2020 baraza la kimataifa la wataalamu wa kuokoa maisha, ILCOR, lilichunguza ushahidi uliokuwepo na kupendekeza kwamba vifaa vya kufyonza visitumike kama utaratibu wa kawaida. Sababu ilikuwa uchache na udhaifu wa ushahidi. Sehemu kubwa ilitokana na taarifa za watu waliosema kifaa kiliwaokoa, nyingi zikiwa zimekusanywa na watengenezaji, pamoja na majaribio kwenye midoli na maiti. Aliyeokolewa huandika barua ya shukrani. Ambaye kifaa kilimshinda mara nyingi hahesabiwi popote.

Aprili 2024, FDA ya Marekani ilitoa tangazo kwa wananchi. Ilisema kwamba hadi wakati huo haikuwa imeidhinisha kifaa chochote cha aina hii, na kwamba ilikuwa imepokea taarifa za vifaa vilivyoshindwa kufyonza, vya michubuko usoni, midomoni na mdomoni, na vya mikwaruzo nyuma ya koo. Ushauri wake ulikuwa watu waanze na njia zinazojulikana za huduma ya kwanza, kwa sababu kutafuta kifaa, kukitoa kwenye sanduku na kukiunganisha kunaweza kuchelewesha msaada.

Uingereza nako, mamlaka ya dawa na vifaa vya tiba, MHRA, imeonya juu ya nakala bandia na vifaa visivyo na jina vinavyouzwa mtandaoni. Onyo hilo linatuhusu moja kwa moja, kwa sababu vifaa vya bei ya chini ndivyo vinavyoweza kutufikia kwa urahisi.

Haya yote hayamaanishi kwamba kifaa hakijawahi kumsaidia mtu. Yanamaanisha kwamba hakuna anayeweza kukuahidi, na kwamba hakiwezi kuchukua nafasi ya mikono.

Chunguza pia maneno yaliyo kwenye sanduku. "FDA registered" humaanisha tu kwamba kampuni imejiandikisha katika orodha ya Marekani. FDA yenyewe inasema kujiandikisha si kuidhinishwa. Alama ya CE kwa vifaa vya daraja la chini kabisa huwekwa na mtengenezaji mwenyewe baada ya kujitangazia kwamba ametimiza masharti. Na wala usichanganye FDA ya Marekani na Rwanda FDA. Rwanda FDA ni mamlaka ya hapa nchini, iliyoundwa kwa Sheria Na. 003/2018, na ndiyo inayosimamia dawa, chakula na vifaa vya tiba vinavyoingia Rwanda. Karatasi ya Marekani haikupi ruhusa ya kuuza Kigali.

Bei, na njia nne za kukipata

Seti ya nyumbani ya LifeVac imekuwa ikiuzwa Marekani kwa karibu dola 70. Tukiihesabu dola kwa faranga 1,450, hizo ni faranga 101,500 kabla ya usafirishaji. Vifaa visivyo na jina, vinavyotoka zaidi China, hupatikana kwenye maduka ya mtandaoni kwa chini ya dola 20, vingine kwa dola 10, yaani faranga 14,500. Tofauti hiyo ndiyo inayovutia, na ndiyo yenye hatari.

Njia ya kwanza ni ndugu aliyehamishiwa nchi ya tatu. Wengi wetu tuna mtu Marekani, Kanada au Australia, na anaweza kununua kwa muuzaji anayejulikana na kumpa msafiri alete. Kwa kifaa kimoja cha matumizi ya nyumbani, hii ndiyo njia yenye uhakika zaidi wa asili ya kifaa. Mwombe anunue kwa kampuni yenyewe, kwa sababu maduka makubwa ya mtandaoni huchanganya wauzaji wengi na nakala hupenya humo. Mwombe pia atunze risiti.

Njia ya pili ni kuagiza mwenyewe kwa simu. Bei ni ndogo na mzigo unaweza kuchukua wiki kadhaa. Ukifika mbovu, kumrudishia muuzaji aliye Asia kutakugharimu kuliko ulivyolipa. Kuna pia swali la forodha. Mzigo ulioandikwa kuwa bidhaa ya plastiki na ule ulioandikwa kuwa kifaa cha tiba huangaliwa kwa macho tofauti, ushuru wake unaweza kutofautiana, na kodi ya VAT kwa kiwango cha kawaida ni asilimia 18. Muuzaji akikuambia "tutaandika ni mchezo wa watoto", amekufundisha jambo moja kumhusu yeye.

Njia ya tatu ni wafanyabiashara wa mizigo wanaoleta vitu kutoka Dubai, Nairobi na Kampala. Mpaka wa Gatuna, uliofungwa tangu Februari 2019, ulifunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022, na bidhaa ndogo za Kampala zinapita humo kwa basi na kwa lori. Upande wa Bujumbura, Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024, kwa hiyo waliozoea njia ile wamegeukia kwingine. Katika njia hii ya tatu unapata kitu mkononi haraka na unaweza kukishika kabla ya kulipa. Lakini mikono ni mingi kati yako na kiwanda, na anayekuuzia mara nyingi hajui kiwanda ni kipi.

Njia ya nne ni ile rasmi: famasi au kampuni yenye kibali inaagiza kupitia Rwanda FDA, na inakuwa na anuani utakayoirudia kifaa kikiharibika. Ni ghali zaidi na ni ya polepole. Ukienda famasi, uliza kama kifaa kimeingia kwa kibali, na uombe kuonyeshwa karatasi. Famasi yenye kibali haioni aibu kuulizwa hivyo.

Hesabu ya anayetaka kuuza

Tuseme ikimina chenu, au likelemba kama wengine tunavyoita, kina watu ishirini, na mnataka kuagiza pampu hamsini za dola 10. Hizo ni dola 500, sawa na faranga 725,000. Ongeza usafirishaji na kodi. Mnapanga kuuza kila moja faranga 30,000, na kwenye karatasi faida inaonekana nzuri.

Sasa weka hatari kwenye karatasi ileile. Rwanda inawaruhusu wakimbizi kufanya kazi na biashara, na wengi wetu Kigali tunaishi kwa hilo. Lakini ruhusa ya kuuza nguo au unga si ruhusa ya kuuza kifaa cha tiba. Mzigo ukizuiwa kwa kukosa kibali, mtaji wa watu ishirini umekwama, na hakuna wa kumlalamikia. Kifaa kikiuzwa kisha kikashindwa siku ya msiba, mnunuzi hatamtafuta mtengenezaji wa China. Atakuja mlangoni kwako, katika mudugudu uleule ambao wewe ni mgeni na unategemea jina lako zuri.

Na wateja ni nani? Faranga 30,000 ni mchango wa mituweli wa watu kumi kwa mwaka, kwa kiwango cha faranga 3,000 ambacho familia nyingi zimekilipa. Kifaa cha asili cha faranga 101,500 ni sawa na mituweli ya watu thelathini na tatu. Tangu mwaka 2019 wakimbizi wa mjini wameingizwa katika mituweli, na kadi hiyo ndiyo inayomfikisha mtoto hospitali baada ya dharura. Familia inayochagua kati ya kadi na pampu, na ikachagua pampu, imefanya biashara mbaya hata kama pampu ni nzima.

Ushauri wetu kwa vikundi ni mfupi: msiweke akiba ya pamoja kwenye nakala zisizo na jina. Mwenye nia ya kweli ya biashara hii aanze na Rwanda FDA na kampuni yenye kibali, awe wakala wake, na aache mtaji wa wenzake nyumbani.

Soko linaelekea wapi

Tunaona mambo matatu mbele. La kwanza, matangazo yataongezeka. Kifaa ni chepesi, kina sura ya kuvutia kwenye video na kinamgusa kila mzazi, na bidhaa ya namna hiyo haihitaji duka.

La pili, bei ya nakala itazidi kushuka, lakini bei ya vifaa vya asili haitashuka sana. Katika bei ya asili kuna gharama ya majaribio, bima, na ahadi za kampuni. Maelekezo ya LifeVac, kwa mfano, ni kwamba kifaa kilichotumika kwenye dharura halisi hakirudiwi kutumika. Kwetu, ambako chupa tupu hupata kazi ya pili na ya tatu, mtu ataosha na kuweka kabatini. Vifaa vilivyotumika pia vitauzwa kama vipya. Ukiona bei ya nusu kwa kifaa chenye jina kubwa, jiulize kimepita wapi.

La tatu, sheria zinaweza kubadilika. Mamlaka fulani inaweza kukipitisha kifaa fulani. Ikitokea, kumbuka kwamba ruhusa huwa ya modeli ile, ya kampuni ile, kwa matumizi yale yaliyoandikwa. Wauzaji wa nakala watakuwa wa kwanza kusambaza habari hiyo kana kwamba inawahusu.

Kwa hiyo hakuna haraka. Anayesubiri mwaka mmoja hapotezi kitu, mradi mwaka huo ajifunze kutumia mikono yake.

Nani ana sababu ya kukifikiria

Wapo, na hatupaswi kuwafokea. Mtu aliyepooza baada ya kiharusi, mzee anayepaliwa hata na uji, mtoto mwenye ulemavu wa ubongo ambaye misuli ya kumeza haimtii: hawa hupaliwa mara nyingi zaidi kuliko wengine. Anayekaa kwenye kiti cha magurudumu ni vigumu kumzungushia mikono kutoka nyuma. Mama mwembamba anayemtunza mume mnene hawezi kumbana vya kutosha. Ndiyo maana Uingereza vifaa hivi vimenunuliwa na nyumba za kulea wazee.

Kama nyumba yako iko katika hali hiyo, zungumza kwanza na muuguzi katika kituo cha afya cha Kagugu au daktari anayemfuatilia mgonjwa wako. Omba ushauri wa namna ya kumlisha: akae wima, chakula kiwe laini, vijiko vidogo, asilazwe mara baada ya kula. Hilo huzuia kupaliwa kwingi, na halina bei. Kisha, kama bado unataka kifaa, nunua cha asili kimoja kwa njia ya kwanza au ya nne, kiwe akiba ya pili pale mikono ikishindwa. Kiweke mahali ambapo kila mtu wa nyumba anapajua, mbali na jua na joto la chini ya mabati.

Kitu ambacho pampu haikiwezi

Madaktari wa Afrika Mashariki wanaifahamu vizuri hatari hii: mbegu. Mtoto anacheza karibu na mama anayechambua maharage, anatia moja mdomoni, anacheka, na harage linapita kwenye njia ya hewa. Anakohoa kwa nguvu, kisha anatulia. Nyumba nzima inashukuru Mungu. Lakini harage, punje ya hindi au karanga inaweza kuwa imeshuka hadi kwenye pafu, na kwa sababu ya unyevu inavimba humo. Baada ya siku chache mtoto anakohoa, anatoa mlio wa filimbi anapopumua, anapata homa. Ananunuliwa dawa ya kikohozi, na wiki zinapita.

Pampu ya usoni haiwezi kuvuta kitu kilichofika pafuni. Mtoto wa namna hiyo anahitaji hospitali ya rufaa, ambako daktari huingiza chombo maalumu chenye taa na kukitoa. Ukifika kituo cha afya, usiseme tu "anakohoa". Sema: "Alipaliwa siku fulani akiwa anachezea maharage." Sentensi hiyo moja inaweza kubadilisha safari yote ya matibabu.

Na kinga iko mikononi mwetu. Karanga nzima na bisi si chakula cha mtoto wa chini ya miaka minne. Karanga ziwe zimesagwa. Nyama ya mshikaki ikatwe vipande vidogo sana, sambaza na ndagala zichambuliwe miiba, chapati isiliwe huku anakimbia. Sarafu na betri ndogo za duara ziwekwe juu, mbali na mkono wake.

Kile kisichouzwa

Sasa hatua zenyewe. Zisome kwa sauti, kisha mfanyie mazoezi ya mkao mtu mzima wa nyumbani, bila kumpiga wala kumbana kwa nguvu.

Kama mtu anakohoa kwa sauti, mwache akohoe na mtie moyo. Kikohozi chake kina nguvu kuliko mkono wako. Hatari ni pale asipoweza kukohoa, kulia wala kusema.

Kwa mtu mzima na mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja: muinamishe mbele, mpige mara 5 katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Kisichotoka, simama nyuma yake, funga ngumi, iweke kati ya kitovu na chembe cha moyo, ishike kwa mkono wa pili, kisha vuta ndani na juu kwa nguvu mara 5. Rudia, tano mgongoni na tano tumboni, hadi kitoke au apoteze fahamu. Kwa mama mjamzito, au mtu mnene usiyeweza kumzunguka tumbo, bana katikati ya kifua. Kubana tumbo kuliandikwa na daktari wa Marekani Henry Heimlich mwaka 1974, na miongozo mipya ya Marekani ya mwaka 2025 inataka uanze na mgongo.

Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini kuliko kiwiliwili, ukishika taya yake bila kubana koo. Mpige mara 5 katikati ya mabega. Mgeuze, kisha msukume mara 5 katikati ya kifua. Usimbane tumbo mtoto mchanga, kwa sababu viungo vya ndani vinaweza kupasuka.

Mtu akipoteza fahamu, mlaze chini, piga 912 au mtume mwingine apige, na anza kubonyeza kifua katikati, haraka na kwa nguvu. Mtu aliyebanwa tumbo, hata akipona, apelekwe akapimwe.

Na mambo ya kuacha: usitie kidole kooni kutafuta usichokiona. Usimning'inize mtoto kwa miguu. Usimpe maji. Tonge kavu la ugali ambalo wengi tulipewa kwa mwiba wa samaki, usimpe mtu asiyepumua, utamzibia kabisa.

Maswali ya kumwuliza muuzaji

Kama bado uko sokoni, uliza haya kabla ya kutuma pesa kwa simu. Mtengenezaji ni nani, na anuani yake iko wapi? Kimeingia Rwanda kwa kibali gani? Kina barakoa ya saizi gani, na mwisho wa uzito ni kilo ngapi? Maelekezo yako kwa lugha ninayoisoma? Kimewahi kufunguliwa au kutumika? Kikiwa kibovu, nakirudisha kwa nani? Nitapewa risiti yenye jina la duka? Muuzaji anayekasirikia maswali haya amekuokolea pesa yako.

Pampu moja haiwezi kukaa katika kila ua wa Batsinda. Inaweza kuwa kabatini kwa jirani wakati mtoto anapaliwa kwako. Ujuzi unaweza kukaa kila ua. Washauri wa afya wa mudugudu, abajyanama b'ubuzima, ni majirani zetu. Msalaba Mwekundu wa Rwanda hufundisha huduma ya kwanza. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, watu hukaa pamoja kwenye mkutano, wenyeji na wakimbizi. Nyanyua mkono na uombe hatua hizi zionyeshwe mbele ya wote, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili. Njoo na yule dada wa miaka kumi anayebaki na wadogo zake. Yeye ndiye atakayekuwa nyumbani.